BABA ALIYE SAFARINI NA TELEVISHENI ILIYO NYUMBANI

Somo kwa ndugu zetu walioko Thika na Ruiru, na ahli zao walioko mwambao

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sifa zote njema ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa zetu huulizwa mara kwa mara suala hili: Je, yajuzu kuweka televisheni katika nyumba ya Mwislamu? Na mara nyingi mwenye kuuliza ni baba afanyaye kazi bara, Thika au Ruiru, na wanawe wako Mombasa, au Malindi, au Lamu. Arudipo mwisho wa mwezi huwakuta wameielekea televisheni, wala hapana ainukaye kumpokea mkoba. Hapo hughadhibika, akaja kutaka hukumu ya kuivunja, na ya kumlaumu mama wa watoto pamoja nayo.

Hukumu tutaitaja, inshallah. Lakini kwanza nasi tuna suala letu kwake: Ilipoingia televisheni ikakaa mahali pa baba, mahali pale palikuwa na mtu, au palikuwa tupu?

HALI ILIVYO

Watu wa mwambao kwenda bara si jambo geni. Uislamu katika miji mingi ya bara ya Kenya ulifika pamoja na wasafiri wa pwani: wafanya biashara, wapagazi, mafundi, makarani na watumishi wa reli. Mitaa iitwayo Majengo katika miji hiyo, na wa Thika ukiwamo, ni katika athari zao. Wazee wale walikwenda kwa taabu, wakajenga misikiti, wakaoa, wakasomesha, wakazikwa huko.

Leo njia ni nyepesi. Barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika ilipanuliwa ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, na sehemu yake kubwa ina njia 8. Treni mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria Juni 2017, humaliza kwa saa 5 hivi mwendo ambao treni ya zamani iliutumilia usiku mzima na zaidi. Thika ina viwanda vyake na mashamba makubwa ya mananasi. Ruiru, uliokuwa mji mdogo katikati ya mashamba ya kahawa, sasa umeipita Thika kwa wingi wa watu, kama ilivyoonyesha hesabu ya 2019. Kwa hivyo riziki iko, na watu wetu wameifuata, na kufuata riziki ya halali ni ibada kwa mwenye nia njema.

Wenzetu hawa ni namna mbili. Wako walioacha ahli zao pwani, na wako waliohama nao. Tutawazungumza wote wawili, kwani maradhi yao ni mamoja, ingawa dalili zake zakhitilafiana.

NANI MSAFIRI?

Yule wa kwanza hujiita msafiri. Ukimwuliza kwa nini hajui mwanawe amefika juzuu gani, hukujibu kwamba yeye yuko safarini. Basi natulipime neno hili kwa mizani ya sheria.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, safari ya kupunguza sala ni mwendo wa marhala mbili, na wanavyuoni wa zama zetu wameukadiria kuwa ni kilomita 80 na kitu. Kutoka Mombasa mpaka Thika ni zaidi ya kilomita 500. Basi mwenye kwenda huko ni msafiri pasi na shaka, naye njiani ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake humalizika pale anapofika, na humlazimu kusali rakaa 4 kama watu wa mji.

Sasa mtazame ndugu yetu. Ana kazi ya mwaka mzima, ana chumba cha kupanga, na ufunguo wake umo mfukoni. Katika sala yeye ni mkaazi wa Thika, naye ajua, wala hapunguzi. Lakini katika malezi ya wanawe bado ni msafiri, na hii ni safari ya mwaka wa 10. Kila jambo la nyumbani husubiri atakaporudi: mwana kufunzwa sala, binti kusikilizwa, mke kushauriwa. Hatusemi kwamba hukumu ya sala ndiyo hukumu ya malezi. Twaitaja ili tuzindukane. Ruhusa za safari ziliwekwa kwa shida ya siku chache, nasi tumezifanya kuwa desturi ya umri. Na mtoto wa miaka 4 hawezi kusubiri. Baba akirudi baada ya miaka 6, humkuta mtoto mwingine wa miaka 10, na yule wa kwanza hatamwona tena.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba safari ni kipande cha adhabu, kwa kuwa yamkosesha mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba mtu akimaliza haja yake, na afanye haraka kurudi kwa watu wake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kurudi basi ni katika adabu za safari. Mwenye kujua adabu za kuondoka, akasoma dua ya kupanda chombo, kisha asijue adabu ya kurudi, ameshika nusu ya sunna.

HAKI YA WALIOACHWA

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke nyumbani mwake akilia upweke kwa kuwa mumewe yuko jihadini. Umar akaenda kwa binti yake, Bibi Hafsa (R.A.), akamwuliza ni muda gani mwanamke aweza kustahimili kuwa mbali na mumewe. Riwaya zakhitilafiana katika jawabu: zimo zisemazo miezi 4, na zimo zisemazo 6. Lakini zote zakubaliana kwamba Khalifa aliweka mpaka, asizuiliwe askari jeshini zaidi ya muda huo.

Natuizingatie khabari hii. Hawa walikuwa watu wa jihadi, na dola ilikuwa ikiwahitaji. Juu ya hayo haki ya mke haikusahauliwa, wala Khalifa hakuona haya kumwuliza mwanamke jambo lihusulo wanawake. Basi sisi tulio viwandani na madukani, tuna udhuru gani wa kupitisha mwaka?

Atasema mtu: Lakini mimi natuma matumizi kila mwezi. Hapana shaka, na Mungu atamlipa. Nafaka ni wajibu, na mwenye kuitimiza hastahiki kudharauliwa. Tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, fedha za Thika hufika Mombasa kabla mtumaji hajaurudisha mkono mfukoni. Lakini nafaka ni haki moja miongoni mwa haki. Al-Aqraa bin Habis alimwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake, Sayyidna Hasan, akasema yeye ana watoto 10 wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamfahamisha kwamba asiyerehemu harehemewi. Al-Aqraa hakuambiwa kwamba watoto wake wana njaa. Kilichokosekana hakikuwa chakula.

ALIYEHAMA NA AHLI ZAKE

Huyu wa pili hudhani kwamba maneno haya hayamhusu. Ahli zake wako naye Ruiru, chumba kimoja na ukumbi. Lakini kazi yake iko Nairobi. Huondoka gizani ili asikamatwe na msongamano wa magari, watoto wamelala. Hurudi baada ya Isha, watoto wamelala au wanasinzia. Mwendo wake hautimizi hata nusu ya masafa ya kupunguza sala. Kisheria huyu hakusafiri hata siku moja, na wanawe humwona kama mgeni.

Na hiyo saa moja iliyobaki huitoa wapi? Hukaa kitini akaifungulia televisheni. Zikimkuta khabari za saa 1 kwa Kiswahili, huzitazama. Zikimkuta za saa 3 kwa Kiingereza, hali ni hiyo hiyo, na baada yake mpira wa Uingereza. Mwili umefika Ruiru na macho yako uwanjani ng'ambo. Mtoto aliyekesha ili amwonyeshe daftari lake huambiwa angoje, akangoja mpaka akalala pale pale sakafuni.

Tena kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hatulifikiri mpaka tuhame. Mombasa, au Lamu, mtoto halelewi na wazazi wawili tu. Yuko bibi, yuko ami, yuko khalati, yuko mwalimu wa chuo, yuko mzee wa barazani amkemeaye mtoto asiye wake, na mzazi akamshukuru. Mtaa mzima ni mlezi. Ahli hizo zikihamia nyumba ya ghorofa Ruiru, hawa wote hubaki nyuma, na mama hubaki peke yake na kuta nne. Na kazi yote ya mtaa hupewa televisheni. Huyu mama twamlaumuje? Ameiwasha ili apate kupika.

Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na huko ndiko ilikotoka mbegu iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili maradhi ya matunda na ya majani. Wakulima wa huko wajua kwamba mbegu hii hufanywa kwa kazi ya mikono, ua kwa ua. Na mtu akizichukua buni za mti wake mwenyewe akazipanda, miche haitatoka yote na sifa za mama yake. Kila kizazi chataka kazi upya. Na dini ya watoto wetu ndivyo ilivyo. Jina la Kiislamu hurithiwa; sala, haya na adabu hazirithiwi, hufunzwa, na kila mtoto huanza tangu mwanzo.

TELEVISHENI NI NINI?

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa ni ya kituo kimoja tu cha serikali, mpaka kilipoanza KTN mwaka 1990. Leo vituo ni vingi, na simu ya mkononi imekuwa ni televisheni ya kila mtu mfukoni mwake.

Ama hukumu yake, sisi twafuata njia waliyotufungulia wanavyuoni wetu wa islahi, kama marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932: kutazama mambo mageni kwa jicho la sheria na akili, tukachukua lenye manufaa na kuacha lenye madhara. Chombo hakina dhambi wala thawabu. Kisu hukata nyama ya sadaka, na kisu huua. Yaliyo haramu nje ya televisheni ni haramu ndani yake: uchi, dhihaka kwa dini, na kamari, ambayo leo hutangazwa katikati ya mpira mbele ya watoto wetu kana kwamba ni biashara ya chai, na hali Mwenyezi Mungu ameiweka pamoja na ulevi katika Sura ya al-Maida, aya ya 90, akatuamrisha kuiepuka. Yaliyo mubaha ni mubaha, kwa kiasi. Na yenye elimu ni kheri.

Lakini hata kipindi kilicho safi kina jambo moja la kuangaliwa, nalo ni kwamba televisheni ni msimulizi, na msimulizi husimulia yake. Tutoe mfano wa Thika yenyewe. Mwaka 1959 mwandishi wa Kiingereza, Elspeth Huxley, alitoa kitabu cha utoto wake katika shamba la walowezi huko Thika, The Flame Trees of Thika. Na mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni wa sehemu 7 huko Uingereza. Watu wengi wa ng'ambo hawaijui Thika ila kwa mchezo huo. Hatumlaumu mwandishi, amesimulia alivyoiona yeye, na ni haki yake. Lakini mtoto wa Mwislamu wa Majengo akitaka kujua babu yake alifikaje Thika, na alisali wapi kabla ya kujengwa msikiti, na alikula nini mwezi wa Ramadhani, hatamwona babu yake humo. Hakuna mgeni atakayemsimulia hayo. Msimulizi wake ni baba yake, na baba anatazama mpira.

Na wasemao kwamba televisheni ndiyo ugonjwa wote, natuwakumbushe mwaka 2015. Katika Februari na mwanzo wa Machi mwaka huo, kwa ule mzozo wa kuhamia mitambo ya kidijitali, vituo vikubwa, miongoni mwao Citizen, NTV na KTN, vilinyamaza kwa karibu majuma matatu. Ingekuwa dawa ni kuzimwa tu, basi majuma yale yangaliponya kila nyumba ya Kenya. Kila baba na ajiulize jioni zile alikuwa wapi.

Kanuni za utangazaji za Kenya zavitaka vituo visionyeshe yasiyowafaa watoto baina ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Huyo ni bawabu aliyewekwa na serikali. Baada ya saa 4 bawabu ni baba. Na simu haina bawabu hata mchana.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Atasema baba: Nimechoka. Twasema: Ni kweli, na mwili wako una haki juu yako. Lakini Salman al-Farisi (R.A.) alipomwona ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) ameshughulika na ibada mpaka akamwacha mkewe, alimkumbusha kwamba ahli nao wana haki yao, na kila mwenye haki apewe haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa saumu na sala za sunna hazikuwa udhuru wa kuwaacha ahli, mpira hautakuwa.

Atasema: Televisheni yafunza lugha na khabari za ulimwengu. Twasema: Yafunza. Basi kaa na mwanao mtazame pamoja, umwulize alichofahamu. Kipindi kimoja mlichokitazama wawili mkakizungumza chafaa kuliko vitano alivyovitazama peke yake.

Atasema: Mama yao yuko. Twasema: Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga, akamtaja mwanamume kwa nyumba yake, na akamtaja mwanamke kwa nyumba ya mumewe. Kila mmoja ana suala lake Siku ya Kiyama. Mama hataulizwa suala la baba.

YANAYOTUPASA

Kwanza, mwenye kuacha ahli zake na apatane na mkewe juu ya muda wa kurudi, wala asiupitishe ila kwa ridhaa yake. Treni ni ya saa 5. Ule udhuru wa zamani umekwisha.

Pili, mwenye uwezo na ahame nao. Na kabla ya kuuliza bei ya chumba na maji na magari, na aulize: Msikiti uko wapi, na chuo kiko wapi? Pwani chuo humfuata mtoto mlangoni. Bara chuo ni cha kutafutwa.

Tatu, simu iliyotutenga natuifanye ituunganishe. Baada ya Maghrib, baba wa Thika na amsikilize mwanawe aliye Mombasa akisoma Kurani, hata aya tatu, amsahihishe, kisha amwulize amecheza na nani. Dakika 10 za kila siku ni bora kuliko mkoba wa zawadi mwisho wa mwezi.

Nne, televisheni iwe ukumbini, isilale chumbani mwa watoto. Iwe na saa zake zijulikanazo, inyamaze kwa adhana na kwa chakula. Na wa kwanza kuitii amri hii awe baba, kwani amri ambayo mwenyewe haifuati watoto huihesabu kuwa mzaha.

Tano, nawasafiri pamoja nao. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kurani kutembea katika ardhi na kuzingatia. Mlete mwana likizoni umwonyeshe mito ya Chania na Thika inavyoporomoka karibu na mji. Mkipita Tsavo kwa treni, aangalie dirishani pamoja nawe, na simu ikae mfukoni. Mwonyeshe na mahali ufanyapo kazi, ajue fedha za ada yake hutoka katika jasho la nani.

Sita, msimulie. Mtaje babu yake, na chuo ulichosoma, na mara ya kwanza ulipopanda gari kwenda bara.

KHATIMA

Mwenyezi Mungu amemtaja Luqman katika Kurani kwa hikima aliyompa, na sura nzima ikaitwa kwa jina lake. Mali ya Luqman haikutajwa humo, wala kazi yake, wala safari zake. Kilichotajwa ni mazungumzo yake na mwanawe: amwita kwa upole mara 3, amkataza shirki, amfahamisha kwamba hata jambo la uzito wa chembe ya khardali halifichikani kwa Mungu, amwamrisha sala na subira, amkataza kiburi, amfunza namna ya kutembea na namna ya kusema. Mambo haya yote baba mchovu aweza kuyasema katika saa moja ya jioni, naye amekaa juu ya mkeka.

Na katika Sura ya at-Tahrim, aya ya 6, waumini wameamrishwa wazikinge nafsi zao na watu wao na Moto. Amri hii haikumtoa mwenye kazi ya mbali, wala mwenye zamu ya usiku.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe wasafiri wetu kwa salama, awape ahli zao subira, azibariki riziki zao za Thika na Ruiru na kwingineko, na ajaalie wana wetu wawe kitulizo cha macho yetu duniani na akhera. Amin.